Kuitwa Mtoni Mwezi wa Agosti

Mwaliko ulinifikia kwa simu, kutoka kwa msichana niliyetaka kumwoa. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Baba anasema uje Ijumaa ulale, kesho yake alfajiri akufundishe kuvua samaki. Usioge na sabuni. Uvae kaptula." Nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo mjini Kitale, nikimpimia mteja mbegu za sukuma wiki, na niliusoma ujumbe huo hadi mteja akaniuliza kama kuna msiba.

Nilimwambia hakuna. Lakini machale yalikuwa yameshanicheza.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, katika mmoja wa ile miaka ya elfu mbili na kitu inayogawanyika kwa mbili, na mtu yeyote aliyekaa karibu na Bungoma anajua maana yake. Ndiyo miaka ya kutahiri. Vijana hupita boma kwa boma wakipiga kengele za mkononi na kuwaalika jamaa, na siku ikifika hupelekwa mtoni kabla jua halijatoka, wakapakwa matope, wakarudi nyumbani kusimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Mimi nilikuwa nimeshapita njia hiyo zamani, katika hospitali ya Kitale, kwa sindano ya ganzi na soda baada ya hapo. Watu wetu walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba kule Kwanza, nje ya Kitale, na kwetu daktari anatosha. Ila nilikuwa nimesikia hadithi. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa wazee wa Bungoma ile ya hospitali ni kama kunawa uso mahali ambapo watu wanatarajia uoge.

Mwenzangu wa dukani, kijana wa mjini aliyezaliwa nyuma ya msikiti na asiyejua kunyamaza, alinipokonya simu akasoma.

"Agosti?" akasema. "Alfajiri? Mtoni? Na kaptula? Buda, hakuna samaki hapo. Samaki ni wewe."

"Wacha ujinga."

"Ati usioge na sabuni! Si ndio usiteleze wakikushika, bana."

Alicheka mpaka akakalia gunia la mbolea. Mimi sikucheka.

Nilimfuata msichana mwenyewe kwenye kibanda chake, hatua chache kutoka dukani, alikokuwa akishona sare za shule. Nilimuuliza waziwazi baba yake alikuwa na mpango gani. Akaendelea kukanyaga cherehani. "Mimi sijui mambo ya wanaume," akasema. "Si uende tu?" Kisha akainama kutafuta uzi, na nikaona shavu lake limejaa kicheko. Nilimpenda sana, na dakika ile nilimshuku vilevile.

Na kukataa singeweza. Nilikuwa nimeshafika kwa huyo baba yake upande wa Kimilili zaidi ya mara moja, na kila mara alininywesha chai, akaniuliza bei ya mbolea, akanisindikiza hadi barabarani bila kusema lolote juu ya binti yake. Wazee wetu hawangeweza kwenda kuzungumza mahari kabla yeye hajatamka kwamba waje. Neno hilo moja ndilo nililokuwa nikilitafuta. Asipolitamka, mambo yangeishia kwenye chai na bei ya mbolea.

Mama yangu, nilipomweleza kwamba naenda kufundishwa kuvua, alishuku kitu kingine kabisa. Kwake samaki ni jamaa ya nyoka, na mtu anayekulisha samaki anataka usahau kwenu.

Basi nikaenda. Ijumaa jioni nilikula ugali na kuku, nikaonyeshwa kitanda katika nyumba ya vijana, na ng'ambo ya shamba la mahindi nikasikia kengele na nyimbo. Nilivaa kaptula mbili, moja juu ya nyingine, ile ya ndani nikaifunga kwa mshipi wa ngozi. Usingizi wenyewe ulikuja kwa kuibia.

Mzee alibisha mlango kungali giza. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la suti lililochakaa mabegani, na mkononi alikuwa na panga.

"Umeamuka? Haya, twende. Hii mambo ni ya asubuhi."

"Mambo gani, mzee?"

"Si nilikwambia? Samaki."

Alitangulia. Nilimfuata nikiwa nimeacha nafasi ya kutosha ya mguu niponye, kama ingehitajika. Huko kwenye kona ya njia alikuwa amesimama mwanamume mnene aliyejifunga blanketi, jirani yake, ameshika fito mbili ndefu za mwanzi. Alinimulika tochi kutoka viatuni hadi usoni, halafu mwanga ukarudi kiunoni, ukabaki hapo.

"Ndio huyu?" akauliza.

"Ndio huyu," mzee akajibu.

"Ni mukubwa."

"Atazoea."

Jirani akampa mzee zile fito na kubaki pale pale njiani, na mimi nikajiuliza kwa nini harudi nyumbani kwake, na kama kazi yake ni kuziba njia ya kurudi. Niligeuka mara kadhaa kumtazama. Kila nilipogeuka, naye alikuwa ananitazama.

Tulishuka hadi mahali kijito kinapoingia mtoni. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na niliona maji ya kijito yakija safi, ya mto yakiwa mekundu kwa mvua ya mlimani, na yalipokutana yalikwenda bega kwa bega kipande kirefu bila kuchanganyika. Pangekuwa mahali pazuri kama ningekuwa na nafasi moyoni ya kuona uzuri.

"Toa viatu," mzee akasema. "Chukua matope."

Nilisimama kama nguzo.

"Matope ya nini?"

"Ya mikono. Paka vizuri. Samaki iko na pua, inasikia sabuni ya town."

Nikapaka vidole tu. Akaniambia nipake hadi kwenye kiwiko. Kisha akatia mkono ndani ya koti akatoa kisu kidogo chenye makali yaliyong'aa, akakijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, na mimi nikarudi nyuma hadi mgongo ukagonga mti. Mzee hakuniangalia. Alitoa mfukoni kipande cha slipa kuukuu ya bluu, akakikata umbo la punje kubwa ya hindi, akakitoboa katikati akapitisha mshipi wa kuvulia. Hicho, akasema, ndicho chelezo. Kinaelea juu na kukupa habari za chini.

"Kaa hapa. Panua miguu."

"Nipanue ya nini, mzee?"

"Usianguke kwa maji! Kwani wewe unauliza kila kitu?"

Nilikaa, nikapanua kidogo sana, na somo likaanza. Nikiri kwamba alifundisha vizuri. Alinionyesha namna ya kufunga jiwe dogo kwenye mshipi, nikapima kina cha maji, kisha tukasogeza chelezo ili nyungunyungu aning'inie juu kidogo ya matope. Alinikataza kutupa katikati ya mto. Nitupe kwenye ule mstari wa maji mawili, kwa sababu samaki hukaa mlangoni akingoja chakula kiletwe. Na chelezo kikitikisika nisivute. "Hapo anaonja tu. Ngoja. Akienda nayo chini, harafu iende kando, hapo vuta, pore pore."

Ningeelewa upesi kama ningetazama mbele. Lakini nyuma yangu kulikuwa na vichaka, na vichakani mlikuwa na ndege waliokuwa wakiruka ghafla, na ndege haruki ghafla bila sababu. Nikawa na jicho moja kwa chelezo, jingine kwa vichaka. Chelezo kikazama, kikaenda kando, kikarudi juu chenyewe. Nilipovuta, ndoana ilikuwa tupu.

"Wewe unaangalia nini huko nyuma?"

"Hakuna kitu."

Tukaweka chambo kingine. Kikaliwa vilevile. Jua likatoka, akina mama wakaanza kusikika mbali wakiteka maji, na hakuna aliyetoka vichakani. Hofu ilianza kulegea na mahali pake pakaingia aibu. Mzee alikuwa ameshavua kambare wawili wenye ndevu, amewatunga kwenye kijiti, na mimi nilikuwa bado natoa jasho asubuhi ya baridi.

"Kijana," akasema, macho yake kwenye chelezo, "hiyo kaptula ya chini umefunga na nini?"

Niliivuta ile ya juu ifunike.

"Nauliza tu. Juu naona ni mbili."

"Mshipi wa ngozi, mzee."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyehakikisha jambo alilokuwa analijua. "Mimi ndio nilisema usioge. Mimi ndio nilisema kaptula. Nilijua utafikiria nini. Hata yule jirani nilimwambia asimame hapo, akuangalie vizuri."

Basi hasira ikanipanda. Nilitupa fito chini. Nilimwambia nimemheshimu, nimelala kwake, nimepaka matope yake, na kwamba huo ni mchezo mbaya wa kumchezea mtu aliyekuja na nia safi. Nilisema kwa sauti kubwa, na kule juu akina mama wakanyamaza. Nilitarajia anifukuze. Aliokota fito akaniwekea mkononi.

"Huyu msichana wako iko na dada yake, mukubwa," akasema. "Alikuwa."

Sikuwa nimewahi kusikia habari ya dada. Mkono wangu ukabaki juu ya ile fito.

"Aliolewa na mutu mzuri. Maneno tamu. Ng'ombe alileta yote. Harafu huyo mtoto wangu akagonjeka, tukampeleka hospitali Bungoma. Nikapigia huyo bwana simu. Akasema, baba, nakuja. Kesho yake nikapiga. Nakuja. Mtoto alikuwa anageuza uso kwa mlango kila mutu akiingia. Hata nesi." Chelezo chake kilikuwa kimezama na hakukivuta. "Tulimzika. Huyo bwana akasema aliogopa. Aliogopa hospitali, aliogopa gharama, sijui nini. Mimi sikatai. Mutu anaweza kuogopa."

Maji yalipita.

"Wewe nimekuona tangu kule kwa njia. Ulikuwa unaogopa mpaka magoti inagongana. Ungerudi. Barabara iko hapo, matatu iko. Lakini ulikuja." Akapangusa kisu kwenye nyasi. "Mimi natafuta mutu mwenye akiitwa anakuja. Waambie watu yenu waje."

Neno nililolifuata miezi yote hiyo lilikuwa limetamkwa, na furaha haikuja kama nilivyodhani. Kilichonijia ni yule dada nisiyemjua, ameugeuzia mlango uso, na machozi yakanitoka bila kunitaka ruhusa. Niliyapangusa kwa mkono wenye matope.

"Watakuja, baba," nikamwambia.

"Lini?"

Aliuliza haraka, hata kabla sijafunga mdomo, na sasa alikuwa amenigeukia na kunikazia macho, akinichunguza uso jinsi mimi nilivyokuwa nikichunguza vichaka. Nilimwambia Jumamosi ijayo. Akarudia, "Jumamosi," na nikaona kabisa kwamba hakuniamini.

Jumamosi hiyo niliwaamsha wazee wetu usiku wa manane, wakalalamika njia nzima. Tulipofika Kimilili, hata moto wa chai ulikuwa haujawashwa. Mzee alikuwa amesimama getini peke yake, amevaa lile koti, akiangalia barabara.