Risiva ya Spika za Kibanda

Mume wangu alipopoteza macho, alichodai ni spika zake. Hakudai dawa nyingine wala hospitali nyingine, na hakudai kuombewa, ingawa waombaji walikuwa wanapishana mlangoni kwetu. Alitaka spika tano na besi lake, zilizokuwa stoo nyuma ya magunia yangu ya dagaa, na alitaka zitafutiwe mashine ya kuziendesha, kwa sababu ile ya kwanza iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu.

Sisi tunaishi Kamanga, pale kivuko cha kutoka Mwanza mjini kinaposhusha watu, na kwa miaka mingi kibanda cha video kilikuwa chetu. Kilikuwa na kuta za mabati, mabenchi, na ubao wa chaki mlangoni wenye picha za siku hiyo na mpira kama upo. Mimi niliuza dagaa sokoni, yeye alikaa mlangoni kukusanya viingilio. Hakukaa ndani hata siku moja, maana akiingia tu vijana wanapenya bure. Basi picha alizisikilizia nje, mgongo kwenye bati, na kabla watu wa ndani hawajapiga kelele yeye alikuwa ameshacheka. Alikuwa akimwambia mama muuza mihogo wa pembeni, sasa hivi anaruka ukuta, na kweli papo hapo ndani kunalipuka shangwe. Watu wakasema mwenye kibanda anaona kwa masikio. Alilipenda neno hilo, akalibeba, akaliamini.

Kibanda kilikufa simu zilipojaa mikononi mwa watu, na macho yakafuata. Ilikuwa presha ya macho, isiyouma, inayokula pembeni kwanza ili usiishtukie. Alianza kugonga ndoo, akanilaumu kwa kuziacha njiani. Daktari mjini alitueleza bila kuzunguka kwamba kilichokwenda kimekwenda, na matone yale ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga wa mlango ukiwa wazi.

Baada ya hapo akaanza kutuacha akiwa hapohapo kwenye kiti. Kijiweni hakwenda tena, alisema wanamwongelesha kama mgonjwa. Chakula alikula akishaachwa peke yake. Kuoga mpaka nibembeleze, na mimi si mtu wa kubembeleza, nikibembeleza mara mbili ya tatu nafoka. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamwamsha, nacho ni mpira. Siku ya mechi alivaa shati, akaketi mbele ya runinga kama zamani, na kila mara ikaishia kwa hasira, kwa kuwa hakuelewa kinachoendelea.

"Sauti ya runinga hii mbovu," alisema. "Ningekuwa na spika zangu ningeona."

Akanieleza kwa mikono, kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa jambo lingine lolote. Mtangazaji atatokea katikati. Mashabiki watakuwa nyuma yetu. Mpira ukipigwa upande huu utausikia unatoka upande huu, ukihama utausikia unahama, na uwanja mzima utajichora chumbani. Alikuwa amesikia picha kwa miaka yote ile kupitia bati, sembuse mpira kupitia spika tano. Nilimsikiliza nikaona uso wake umerudi kidogo. Nikaogopa, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine nyuma ya hicho. Hiki kikishindikana, sikujua nitamshika kwa lipi.

Nikaahidi nitakwenda mjini na hela yangu ya dagaa. Akanipa sharti moja: niende na spika moja, mashine ijaribiwe kwa spika yetu, si kwa spika za dukani. Dukani wanakujaribishia kwa spika zao, muziki unapiga mpaka unatikisa kifua, ukifika nyumbani mashine inanuka moshi. Hilo nililijua hata mimi. Bodaboda niliogopa ataivunja, kichwani nina kapu, kwa hiyo niliiviringisha kwenye khanga, nikaifunga mgongoni kwa kitenge, nikapanda kivuko.

Akina mama wakanipisha kwenye benchi. Mmoja akauliza mtoto amelala, nikajibu amelala, kwa kuwa maelezo ya kweli yalikuwa marefu kuliko safari. Akauliza ana muda gani. Nikasema ana muda. Alimpapasa kidogo, akakuta pembe, akarudisha mkono na kutazama maji mpaka tunafika. Siku nyingine ningecheka sana. Siku hiyo niliona tu kwamba kama ningekuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, kungekuwa na mahali pa kumpeleka.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo, na kijana wa mle alikuwa na adabu zote. Shikamoo mama, karibu mama, kiti hiki hapa. Nilipomwambia nataka risiva ya muziki peke yake, ya njia tano, bila spika, akanitazama kana kwamba nimeomba shati lisilo na mikono. Alisema siku hizi vitu vinakuja seti, mashine na spika zake, na plagi zake hazikubali nyingine. Akaitazama yangu ilivyokaa kwenye khanga, akanishauri niwape wajukuu wachezee. Nilimwambia sina shida ya vitu vya kuchezea, nikamfunga mwanangu mgongoni, nikatoka.

La pili walinionyesha mashine nyepesi kama sufuria tupu, yenye taa za rangi zinazocheza na namba kubwa ya wati kwenye boksi. Nimekaa na mwenye kibanda muda mrefu, najua kwamba wati za kwenye boksi ni majigambo. Nilipoigeuza nyuma nikakuta matundu ya spika mbili tu. Muuzaji akasema hizo nyingine utaziunga humohumo, zinagawana. Nikamwambia nyumbani kwangu moja imeshaungua, ya pili sitaki.

Nilimpata wa tatu kwenye uchochoro wa vitu vya mtumba, mtu mzima, kanyamaza katikati ya redio zake kama mtu aliyekwishagombana na kila mteja. Aliigeuza spika akasoma nyuma, ni ya omu nne, yaani inavuta umeme mwingi. Akasema mashine nyingi zinataka sita mpaka nane. Ukizipa spika ya nne zinachemka na kujizima, na ukizidisha sauti zinakufa kabisa. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa nzuri na bei yake nafuu kuliko zote, ila ilitoka Japani, umeme wake nusu ya wetu, lazima ikae na transfoma pembeni. Nikafikiria mtu asiyeona akipapasa nyaya nyumbani, siku atakayochomeka moja kwa moja ukutani. Nikaikataa. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nzito, kitufe kimoja kimepondeka, rimoti haina. Nyuma imeandikwa inapokea kuanzia omu nne, matundu yote matano yapo, na bei nikiminya naifikia.

Tukaiunga na spika yangu. Kabla ya kuweka sidii, yule mzee aliinyanyua akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaizungusha taratibu kutafuta mikwaruzo.

Mkono ule ndio ulioniharibia siku. Mume wangu alifanya hivyohivyo kila asubuhi. Kabla hajafungua kibanda alizikagua sidii za siku hiyo kwenye mwanga, kisha akajifungia ndani peke yake na kuziangalia zote, mwanzo mpaka mwisho, ili zisije zikakwama mbele ya watu wakadai viingilio vyao. Ndipo mchana akakaa mlangoni akisikiliza. Alijua anaruka ukuta kwa sababu asubuhi alimwona akiruka. Hakuwahi kuona kwa masikio hata mara moja. Alikuwa anakumbuka, na nadhani yeye mwenyewe alisahau kwamba anakumbuka.

Spika ikapiga, safi, sauti ileile ya kibanda. Nikasimama pale nikiwaza kwamba picha za zamani ndizo angeweza kuziona, zile alizokwisha kuziangalia. Lakini sidii zote alizitoboa mwenyewe mwaka kibanda kilipofungwa, akazitundika kwa kamba kwenye jaruba letu la mpunga zifukuze ndege. Jua limezibambua, ni plastiki tu zinazomeremeta. Alichobaki nacho ni mpira, na mpira hakuna aliyeuona asubuhi.

Mzee akaniuliza kama nachukua. Nilijua, na nikachukua. Ningerudi mikono mitupu ningemwambia nini? Kwamba hukuwahi kuwa na kipaji kile? Hilo sikuweza, na hata leo siliwezi.

Kwenye kivuko cha kurudi nilikuwa na boksi kichwani na spika mgongoni, na hakuna aliyenipisha.

Alilisikia boksi likitua sakafuni akainuka bila kuulizia fimbo. Hakutaka fundi, hakutaka hata mimi nishike. Alimenya nyaya kwa meno kama zamani, akanifanya nimtajie tu ipi nyekundu, akaziingiza kwa vidole. Mbili mbele, moja chini ya runinga, mbili nyuma ya kiti, besi kwenye kona. Spika za nyuma alizisogeza, akakaa, akainuka, akazisogeza tena. Alikuwa anapiga mluzi. Siku ile alioga bila kuambiwa, akala mezani pamoja na mimi, akanitania kwamba safari ile nilizaa mtoto mwenye sauti nene. Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimemkosa sana mtu yule na nilijua muda wake ni mfupi.

Jumamosi alasiri kulikuwa na mechi kubwa. Majirani walisikia mlio wakaja, wakajaa mlangoni kama enzi za kibanda, naye akawakaribisha wote bure. Sauti kwa kweli ilikuwa nzuri. Mtangazaji alikuwa katikati, mashabiki nyuma yetu, na filimbi ilipolia nilidhani mwamuzi yuko barazani. Mume wangu aliinua uso juu, mikono magotini, tayari.

Mimi mpira niliutupia jicho tu. Nilimwangalia yeye.

Alianza kutangaza kwa sauti ya chini. Anakwenda kulia huyo, alisema, na mpira ulikuwa kushoto. Kona, alisema, na ilikuwa mpira wa kurusha. Jirani mmoja alifungua mdomo amsahihishe, nikamtazama akaufunga. Baada ya hapo watu wazima wote mlangoni wakawa wanaangalia miguu yao, na yeye akazidi kuinamisha kichwa, sikio hili, sikio lile. Akaniambia niongeze sauti, nikaongeza. Akaniambia niongeze tena.

Halafu chumba kizima kikalipuka. Kelele zilitoka nyuma, zikatoka pembeni, besi likatetemesha vikombe kabatini. Lilikuwa goli.

"Nani kafunga?" aliuliza. "Timu gani?"

Kelele zilikuwa kubwa mno, mtangazaji hakusikika, na sisi tuliokuwa tumeona tulichelewa kujibu. Hatukuchelewa sana. Lakini ilimtosha. Nilimwona usoni jinsi ukweli unavyomfikia, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Zima," alisema.

Nikazima. Majirani wakaaga mmojammoja, kwa heshima kubwa, kama watu wanaotoka msibani. Yeye alibaki kwenye kiti kati ya spika zake tano, nami nikabaki nimesimama na mkono kwenye kile kitufe kilichopondeka. Nilikuwa na hasira, si kwake, na sijui kwa nani. Kama kungekuwa na mlango wa kubisha nikatukane mtu, ningebisha.

"Kumbe shida haikuwa spika," alisema.

Kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa la uongo au la kumuua.

Kesho yake aliniomba nichomoe nyaya zote, runinga isemee yenyewe. Nilimwambia risiva inafanya kazi vizuri, nikaona nimesema upumbavu, maana hilo ndilo lilikuwa tatizo. Nikachomoa. Spika zikarudi nyuma ya magunia ya dagaa. Risiva sikuipeleka stoo, itapata panya. Iko chini ya meza ya runinga, nimeifunika kitambaa nilichodarizi mwenyewe, na wageni huweka vikombe vyao juu yake.

Kwenda kijiweni bado haendi. Kula anakula akishaachwa. Matone namtia asubuhi na jioni, ya kulinda mwanga wa mlango, ambao siku hizi hautaji. Ila siku ya mechi bado anavaa shati. Anaketi mbele ya runinga, ile sauti nyembamba inakwaruza, mpira unakwenda asikokujua, naye anaanza kutikisa kichwa. Mimi huja nikakaa karibu na dagaa wangu wa kuchambua, goti langu linagusa kile kitambaa.

"Sauti ya runinga hii mbovu," anasema.

Nami namjibu, "Mbovu kweli, baba."