Shemeji Alijibu "Imelala"

Admin, nifiche kabisa. Mafinga ni ndogo na hawa watu wanasoma humu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 33, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni kuendesha mashine ya kupulizia rangi kwenye karakana ya milango. Mdogo wake mke wangu alikuwa anakaa tu kwao Uyole, nikamwombea kazi kwa bosi. Akaja, akala kwangu, akalala kwangu. Mwanzoni tulikuwa tunapokezana bunduki ya kupulizia rangi, lakini ana pupa, rangi yake ilikuwa inachuruzika milangoni kama machozi. Siku moja bosi akamnyang'anya bunduki mbele ya watu, akanikabidhi mimi moja kwa moja, yeye akapelekwa kwenye pampu inayosukuma rangi.

Jioni ile alinivamia getini. Alinipiga ngumi ya mdomo nikatema damu. "Umenidhalilisha, shemeji. Utanikumbuka!" Nikamfichia hata dada yake, nikasema nimegongwa na ubao. Ujinga wangu huo.

Ndugu zangu, ile mashine inasukuma rangi kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Kwa hiyo pua ya bunduki ikiziba, mwenye bunduki anaita "Zima!" Wa pampu anazima, anaachia presha yote, ndipo anajibu "Imelala!" Misumeno inapiga kelele, pampu huisikii, unamwamini mwenzako tu.

Pua ikaziba. Nikaita "Zima!" Akajibu "Imelala!" Nikabonyeza kwa mkono wa kushoto ili kumwaga masalia, kidole cha kulia kikiwa mbele ya pua nikiifuta. Rangi ikaniingia mkononi kama msumari wa moto. Nilipiga kelele nikaanguka. Kuinua macho, namwona ameshika swichi, ananitazama, anasema taratibu, "Haya, pulizia sasa."

Kitundu chenyewe kilikuwa kama umechomwa na mwiba. Kufika jioni mkono umevimba mpaka kiwiko. Hospitali walinichana kiganja, wakakamua rangi nyeupe pamoja na damu, mwisho wakakata vidole viwili. Nililia kama mtoto.

Yeye anawaambia watu hakusikia vizuri. Nilipotaka kwenda polisi, mke wangu alinishika miguu. "Ukimfunga mdogo wangu, mama atakufa, na mimi hutaniona tena." Baba mkwe akasafiri kutoka Uyole, akaniomba yaishie nyumbani. Nikakubali tu, sikuwa na nguvu ya kubishana. Akanishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu." Ila mwenye kosa mwenyewe hajaniomba msamaha mpaka leo. Juzi alikaa mezani kwangu, akaniangalia navyohangaika kukata ugali kwa mkono wa kushoto, akacheka. Nilimrushia bakuli la maharage ya moto usoni. Mke wangu akanipiga mimi mwiko, si yeye.

Sasa bosi amenihurumia, amenirudisha kazini. Bunduki siiwezi tena, amempa shemeji. Mimi nimewekwa kwenye pampu.

Sitawadanganya, silali. Nikifumba macho naona kidole chake mbele ya ile pua, na moyo wangu unafurahi. Naogopa. Nikiacha kazi, watoto watakula nini? Nikienda polisi, mke anaondoka. Nikibaki, Jumatatu pua ikiziba yeye ndiye ataita "Zima!" na mimi ndiye wa kujibu.

Nishaurini ndugu zangu, nimjibu nini?