Njia ya Chini ya Kator

Nyachuol alipatwa na polio akiwa mtoto mchanga. Alikulia Eldoret, akajifunza huko ufundi wa simu, na aliporudi Juba mtu mzima alirudi na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Alipata mahali pa kuweka meza yake ya ufundi katika mtaa wa Kator, kwenye veranda ya duka kuukuu lililojengwa na Mgiriki enzi za Waingereza. Sakafu yake ilikuwa sawa na ardhi, hivyo aliingia na kutoka bila kubebwa na mtu.

Taabu yake ilikuwa barabara. Kila mchana alivuka kwenda kula kwa Ritah, Mganda mwenye kibanda cha chakula upande wa pili, na madereva wa malori hawakumwona pale chini alipokaa. Siku lori la maji lilipomuua mama mmoja aliyekuwa akitoka kanisani, watu walikuja juu, na baraza la jiji likaahidi kuchimba njia ya miguu chini ya barabara.

Mhandisi Mathiang alipokuja kupima, alimwonyesha Nyachuol mchoro wenye mteremko laini wa kupitisha baiskeli.

"Ila mteremko unataka nafasi," alisema. "Itabidi tuikate veranda hii."

Nyachuol alizitazama nguzo za mawe alizozizoea. Kuzipoteza kulimuuma. "Ikateni tu," alisema. "Kivuli nitatafuta kingine."

Habari zikafika kwa Diwani Bol, aliyekuwa akitaka duka lile lihifadhiwe kama jengo la kihistoria. Alisema Juba imeshapoteza mengi kwa vita, haiwezi kubomoa yenyewe kile kidogo kilichobaki. Hakuwa mwongo. Baraza likaita mkutano, na Nyachuol akaenda. Ofisi zilikuwa ghorofani, hivyo askari wawili walimbeba kama gunia, baiskeli ikabaki uani.

"Dada yangu," Diwani Bol alimwambia mbele ya wote, "hakuna anayekuchukia hapa. Lakini jengo la zamani likishavunjwa halirudi."

"Na mimi nikigongwa, mheshimiwa, nitarudi?"

Watu wakacheka, diwani naye akacheka. Kisha wakapiga kura: veranda ibaki yote, na njia ya chini iwe ya ngazi. Mathiang alikunja mchoro wake bila kumtazama Nyachuol.

Njia ilipokamilika, wakaweka uzio wa chuma katikati ya barabara ili mtu yeyote asivuke juu. Siku ya ufunguzi walimwomba Nyachuol akae penye ngazi wapige picha, naye akakubali, akidhani atapewa nafasi ya kusema. Walipiga picha, wakakata utepe, wakaenda kunywa soda.

Ritah hakuvumilia. "Panda mgongo yangu," alisema. "Mimi iko na nguvu."

Nyachuol alikataa mara nyingi, hadi siku moja akakubali. Katikati ya ngazi pumzi zilimwishia Ritah, akamweka kwenye kidato kipana kilichotuama maji ya mvua ili apumzike. Wapita njia wakawa wanamruka. Mwanamume mmoja, mwenye haraka zake na asiye na nia mbaya, alimdondoshea noti mapajani.

"Nirudishe juu," Nyachuol alisema.

"Tumebakisha kidogo tu."

"Ritah. Nirudishe."

Tangu hapo Ritah ndiye aliyevuka, sahani ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Hata hilo halikudumu. Askari wa jiji alikuja na amri kwamba jengo lililohifadhiwa halifanyiwi biashara kwenye veranda.

"Malesh, dada," alisema, akiomba radhi kwa Kiarabu huku akimsaidia kukunja meza. "Ni kulinda historia."

"Mimi nimekaa hapa kabla yako."

"Najua. Malesh."

Nyachuol alihamia soko la Jebel, chini ya bati la mtu asiyemjua. Mwanzoni Ritah alimpigia simu kila jioni. Kisha kila Jumapili. Kisha kibanda kikamshughulisha. Wateja wanaotoka Kator humsimulia jinsi duka la Mgiriki lilivyopakwa rangi likapendeza, na jinsi watu wasivyogongwa tena pale.

"Nasikia," Nyachuol hujibu, na kuendelea kufungua skrubu za simu.