Santuri ya Kijerumani Iliyoleta Kuni

Niliporudi Ujiji kutoka Ujerumani nilikuwa na stashahada ya ufundi wa majokofu, suti mbili, na santuri kumi na moja za nyimbo za Kijerumani zilizorekodiwa kabla baba yangu hajazaliwa. Stashahada niliipata kwa jasho langu, bila mjomba serikalini. Santuri nilizikuta zikitupwa. Mtu mwingine mwenye vyote hivyo hakuwepo Kigoma nzima.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wakivuka ziwa kutoka Kongo. Mama alimpangisha chumba mwanamke wa Uvira aliyeuza dagaa ufukoni Kibirizi, boti zinakotia nanga. Mumewe alibaki ng'ambo, na kila boti ilipofika yeye alikuwa wa kwanza kuuliza habari zake.

Asubuhi moja nikaunganisha gramafoni na spika niliyoitengeneza mwenyewe, nikaielekeza mtaa wa Kasingirima ili watu wapate elimu. Santuri ikakwaruza kama dagaa kwenye mafuta, kisha mwanamke wa Kijerumani akaanza kuimba taratibu, kinanda kikimfuata. Nikafumba macho, kama tulivyozoea sisi tuliosoma.

Nilipofumbua, watu walikuwa wamejaa uani. Wanawake wanashusha kuni, wanaume wanatandika mikeka. Kwetu ukisikia sauti ya mwanamke akilia nyumbani kwa mtu, huulizi. Unabeba kuni unakwenda.

"Pole, mwanangu," bibi wa jirani akaniambia. "Marehemu yuko huku au amebaki ng'ambo?"

"Hakuna marehemu, bibi. Huyu anaimba habari za maua."

"Maua gani ya kumliza mtu mzima hivyo?"

Ndipo mpangaji wetu akaingia na beseni la dagaa kichwani. Akaona kuni, mikeka, nyuso zilizoinama. Beseni likaanguka. Akaketi chini palepale, bila kulia.

"Nani kaleta habari?" akauliza.

Mimi mwenye stashahada nikakimbilia gramafoni. Nikainua santuri nikamwonyesha, na wimbo ukakatika.

Akaelewa kilio kilitoka humo. Kisha akainuka akanizaba kofi, la kwanza tangu nirudi kutoka Ulaya, na nakiri lilipigwa kitaalamu. Kuni za msiba hazirudishwi zilikotoka, kwa hiyo zikapikiwa dagaa waliookotwa mavumbini, na watu wakala huku wakinicheka hadi adhuhuri.

Mumewe alishuka Kibirizi miezi kadhaa baadaye, amekonda, mzima. Hata viatu hajavua, akaniambia, "Ndugu yangu, niwekee huo wimbo ulioniua."

Nilipita kwanza nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wasilete kuni. Bibi yule alileta hata hivyo.

"Amefika na njaa," akasema, akazishusha.