Usiachie Katikati ya Kona

Sikwenda Johannesburg kutembea. Nilipelekwa kwa sababu nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nyumbani kwetu Iringa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha kuulizia njia. Kaka yangu Festo, aliyekuwa fundi magari huko, alipinduka na gari kwenye uwanja wa mbio za magari nje ya jiji. Yeye alipona. Miguu haikupona. Hospitali ilikuwa imemruhusu, na Mama akasema mwanawe hawezi kuuguzwa na vijana wasiojua hata kukoroga uji. Twende tukamchukue.

Baba hakuja. Alisema ana wanafunzi. Baba ameendesha malori zaidi ya nusu ya maisha yake, akipanda na kushuka Kitonga, ule mlima wa kona kali unaoingia kwetu, na siku hizi anafundisha udereva kwa gari dogo la mtumba. Ana sentensi moja ambayo kila aliyepita mikononi mwake anaijua, kuanzia Festo mpaka mimi: "Ukiogopa, achia." Yaani toa mguu kwenye mafuta. Huwa anaisema taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto alale.

Asubuhi ya kuondoka, pale stendi, alinivuta pembeni wakati Mama anapakia mabegi.

"Muulize alifanya nini na mguu wake," alisema. "Usimuulize mbele ya mama yako. Nataka kujua tu."

Nilijua kwa nini alinituma mimi. Mimi si mwongeaji. Festo aliniita Kimya tangu nikiwa mdogo, na jina likanishika mpaka walimu wengine wakadhani ndilo la ubatizo.

Mpaka wa Tunduma tuliuvuka mchana, kukiwa na vumbi na kelele za wabadilisha fedha. Zambia yote nilikaa dirishani nikifanya mazoezi ya swali la Baba kimoyomoyo, nikilipanga hivi, nikilipanga vile. Mama hakula. Nikimpa mkate anaushika, baada ya muda ananirudishia ukiwa na alama za vidole. Chirundu joto lilikuwa la kupikia, na Zimbabwe mvua ilitunyeshea tangu tuingie mpaka tutoke. Beitbridge, kwenye daraja la mto Limpopo, Mama aliuliza kama tumebakiza mto mwingine. Nikamwambia huu ndio wa mwisho. Akasema, "Mbali namna hii, halafu akaenda kuumia kwenye mchezo."

Johannesburg tulipokelewa na Trésor, Mkongo wa Bukavu, aliyekuwa akikaa na kufanya kazi na Festo. Mtu mrefu, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Mama kwa kuinama, akabeba mabegi yote mwenyewe, akatuingiza kwenye gari dogo jekundu lenye mkwaruzo ubavu mzima.

"Mama, ficha simu. Tukisimama kwa roboti banavunja kioo."

Mama akaniuliza kwa kunong'ona roboti ni nini. Trésor akasikia, akacheka kidogo, akasema ni zile taa za barabarani, hata yeye alipofika alitafuta mashine yenye mikono. Kisha akanitazama kwenye kioo. "Na huyu dada mudogo, anasema ama?"

"Anasema akitaka," alijibu Mama.

Chumba chao kilikuwa Troyeville, ghorofa ya chini ya nyumba ya zamani yenye madirisha marefu. Festo alikuwa kitandani, amekonda, mabega tu ndiyo yamebaki ya kwake. Mama alisimama mlangoni kama amekosea nyumba. Festo ndiye aliyeanza kusema.

"Mmemleta Kimya awe mkalimani? Basi tumekwisha."

Mama akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Mimi nikatafuta pa kuweka viatu.

Siku zilizofuata Mama alimwogesha, akamgeuza, akampikia. Trésor akaenda madukani Fordsburg akarudi na godoro la sponji ngumu, kwa sababu Baba alishapanga kwa simu turudi na lori la rafiki yake linalopakia Johannesburg kwenda Dar, na Festo alazwe kwenye kitanda cha nyuma ya kiti cha dereva. Mimi nilisubiri Mama atoke. Alipokwenda kuanika nguo, nikauliza kwa mkupuo, bila hata mkato: Baba anataka kujua ulifanya nini na mguu.

Festo aliangalia dari. Kisha akamwita Trésor.

"Kesho mpeleke akaone."

Jumapili asubuhi Trésor alinipeleka kwenye eneo la lami pana, madereva wa mbio wanakofanyia mazoezi kabla ya kuruhusiwa uwanjani. Lami ilikuwa imemwagiwa maji na kupangwa koni za plastiki. Alinifunga mkanda, akavuta mpaka kifua kikabana, akaanza kueleza. Nilikuwa najua kuendesha, Baba amenifundisha, lakini huu ulikuwa udereva mwingine kabisa.

Alisema gari kama hili, magurudumu ya mbele yana kazi mbili: yanavuta na yanaongoza. "Ni kama mutu mumoja anabeba gunia na anaonyesha njia. Ukimuongezea mzigo, anapotea." Ndiyo maana ukiingia kona kwa kasi na mafuta mengi, gari haikati. Inapitiliza, usukani umeukunja wote na pua inakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo breki zote nzito zifanyike gari ikiwa imenyooka, kabla ya kona. Ukianza kukunja usukani, breki unaitoa pole pole, kama unavyotoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala.

Akanionyesha mguu wake wa kulia. Ncha ya kiatu imekanyaga breki, kisigino kinagusa mafuta pembeni, huku mguu wa kushoto umezamisha klachi na mkono unashusha gia. Injini ikalia mara moja, fupi, na gia ya pili ikaingia bila gari kushtuka. Usipofanya hivyo, alisema, ukiachia klachi magurudumu ya mbele yanakamatwa ghafla, yanateleza, nawe ndiyo kwanza unayahitaji. Nilimwona akirudia kona baada ya kona. Alikuwa anatazama mbali, mahali anapotaka kutokea, hata mara moja hakutazama koni. Ilikuwa kazi nzuri ya kutazama. Naona aibu kusema, lakini kwa dakika zile nilisahau kwa nini nimekuja.

Halafu akasimamisha gari.

"Sasa hii njo ile," alisema; "njo" yao ni "ndiyo" yetu.

Tukaingia kona ndefu kwa kasi ile ile. Katikati, bila kugusa breki wala usukani, alinyanyua mguu kwenye mafuta. Nyayo zangu zilihisi kabla ya macho. Uzito wote ulikwenda mbele, nyuma ikawa nyepesi kama kikapu kitupu, na mkia ukatupita. Dunia ikazunguka, tukasimama tunatazama tulikotoka.

"Ukiogopa katikati ya kona," alisema Trésor, "usiachie. Mguu ukae pale pale. Na kama mukia umeshaanza kutoka, rudisha usukani na utie mafuta kidogo, mbele ivute. Festo njo alinifundisha hii. Miye nilikuwa siiwezi."

Nilimwuliza kama naweza kujaribu. Alinitazama, akashuka, tukabadilishana viti.

Mara ya kwanza nilikwenda polepole. Ya pili nikaongeza. Nilikuwa nimeelewa kila kitu, ningeweza kukiandika kwenye mtihani. Ya tatu niliingia kona nikasikia tairi zinaanza kulia, hofu ikanipanda, na mguu wangu ukanyanyuka. Mimi sikuunyanyua. Ulinyanyuka wenyewe. Ndani ya kichwa nilisikia ile sauti ya Baba ya kubembeleza. Tukazunguka, koni moja ikaenda chini ya gari ikivunjikavunjika.

Trésor alizima injini. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye kioo.

"Na yeye njo vile," alisema. "Kulikuwa mwenzake alimufungia njia. Akaogopa. Pale hapakuwa koni. Palikuwa ukuta."

Mchana ule Mama alikwenda kanisani na jirani, mama mmoja Mburundi aliyezoeana naye. Festo alikuwa ananisubiri.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Na wewe uliachia?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alifumba macho, akatabasamu kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka.

"Nimefundisha watu wangapi hapa wasiachie. Nikiwa macho, najua. Lakini mguu haukujifunzia Johannesburg, Kimya. Ulijifunzia Iringa." Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Baba usimwambie. Mwambie tairi ilipasuka. Aliniambia kile alichokuwa nacho. Ukimwambia, utatuua wawili."

Nikasema sawa.

Safari ya kurudi tulianza alfajiri yenye baridi, Trésor na dereva wamembeba Festo juu ya shuka kama mzigo wa vyombo. Trésor alipomaliza kumfunga mikanda akasema, "Sharp, kaka," yaani poa, kwa lugha ya mitaa ya huko, na Festo akasema, "Sharp," na basi. Njia yote nilisikia kila shimo la barabara likipita mgongoni kwake. Mama aliimba tenzi kwa sauti ya chini ili asimsikie akigumia kwa maumivu, na Festo alijizuia ili Mama asiache kuimba.

Kabla ya Chirundu, kwenye mteremko mrefu wa milima, dereva aliondoa mguu kwenye mafuta mapema kabisa, akaacha gia ndogo ishike lori, tukashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kutoka nyuma ya kichwa changu nilisikia Festo akinong'ona, "Unaona? Kwa gari hili Baba hakukosea."

Iringa Baba alitupokea barabarani. Hakuruhusu mtu amsaidie. Alimbeba Festo mgongoni mpaka ndani, miguu ya Festo ikiburuzika vumbini, kwa sababu Baba ni mfupi.

Nilikaa na uongo wangu tayari mdomoni. Baba hakuuliza, nami nikashukuru. Kisha asubuhi moja nilikuwa nafua uani, akawa anamwelekeza mwanafunzi mpya, mwalimu wa kike wa shule ya msingi aliyekuwa anataka kununua gari. Gari la Baba na lile jekundu la Trésor, yote mawili yanavutwa na magurudumu ya mbele. Nikasikia: "Ukiogopa, mama, achia."

Nilingoja mwanafunzi aondoke. Nilikwenda pale dirishani mwa gari, mikono ina povu.

"Baba, ni kweli barabara ikiwa imenyooka. Ni kweli kwa lori. Katikati ya kona, kwa gari hili, si kweli. Nyuma inatupwa."

Aliweka mikono juu ya usukani. "Aliachia?"

"Aliachia."

Hakulia, hakunigombeza. Alipandisha vioo, akabaki ndani ya gari, jua linampiga, mpaka Mama akamfuata na chakula akarudi nacho.

Festo alijua kabla sijamwambia, alisikia kupitia dirisha. Tangu siku ile haniiti Kimya. Ananiita Anjelina, kama ilivyo kwenye cheti changu, na anasema asante nikimpa maji.

Niliyojifunza huko ni haya. Hofu ina mahali pake, nayo ni kabla ya kona, gari ikiwa bado imenyooka na breki zinafanya kazi. Ukiichelewesha mpaka katikati, itakuja na lile ulilofundishwa kwanza, hata kama umeshajifunza lingine. Na ukweli nao sijui kama niliusema kabla ya kona au katikati.

Baba bado anafundisha. Akifika kwenye sentensi ile anaanza vizuri, kwa sauti ile ile. "Ukiogopa," anasema, halafu ananyamaza, na mwanafunzi anabaki ameshika usukani, anasubiri.