Mahali pa Kuweka Mapumziko

Kwa miaka kumi na minane Wiebe Sinnema ndiye aliyeamua filamu isimame wapi. Watu wa Bolsward, mji mdogo wa Uholanzi, hawakai sinema mpaka mwisho bila kahawa, kwa hiyo kila filamu, iwe imetoka nchi gani, hukatwa katikati kwa robo saa. Aliyeitengeneza hakuacha mwanya wowote. Mwanya huo hutafutwa na anayeionyesha, na Wiebe aliutafuta kwa uangalifu uleule aliopimia kina cha maji ya mifereji, kazi yake ya mshahara.

Sinema yenyewe ni ghala la zamani la jibini lenye viti tisini, na siku za unyevu kuta bado hunukia jibini. Mikanda ililetwa kila Jumanne ndani ya masanduku ya bati, vipande vitano au sita. Wiebe aliviunga, akavizungusha kwenye sahani ya mtambo wa kuonyeshea, pana kama meza ya chakula, akaitazama filamu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha alirudisha mkanda mpaka pale alipopachagua, akabandika ukingoni kipande cha karatasi ya bati kisichozidi ukucha. Kesho yake, kibandiko kilipopita mtamboni, mashine ilisimama yenyewe, taa zikawaka, vikombe vikaanza kulia huko nje. Katika daftari lake aliandika jina la filamu, nchi, dakika ya mapumziko, walioingia, na walioondoka wakati wa mapumziko.

Safu hiyo ya mwisho ilikuwa na maana yake. Mtu wa Bolsward hatoki filamu ikiendelea. Kumpita jirani kwenye magoti yake gizani ni kumtukana yeye, na aliyeleta filamu, na aliyeoka keki. Lakini wakati wa mapumziko mtu yeyote aweza kunywa kahawa yake, kuvaa koti na kwenda zake, na hakuna atakayemuuliza kesho.

Ndiyo maana, zilipokuja filamu za vijana wa kiume wanaopendana, Wiebe aliweka mapumziko kabla ya busu la kwanza. Zilikuja mbili au tatu kila mwaka, kutoka Ureno, Poland, Norwe, naye alizipenda kuliko zote. Kulikuwa na yule mwanagenzi wa duka la mikate na mwenzake wa posta. Kulikuwa na wale wawili waliotembea nyuma ya reli kiangazi kizima bila kusema neno la maana. Aliusimamisha mkanda pale pumzi inaposhikwa, mkono wa mmoja ukiwa umeinuka na bado haujafika. Watu wakatoka, wakanywa, na wenye haya wakaenda nyumbani. Bibi Hiltje Postma, mwalimu mstaafu aliyesimamia kamati ya sinema na birika la kahawa, alimwita mchungaji. Alisema hajapata kuona mchungaji anayewafungulia kondoo mlango kwa adabu hivyo.

Mmoja wa walioondoka kila mara alikuwa Sjoukje, mama yake Wiebe.

Alikuja kila Jumatano alasiri, akakaa mstari wa tatu, kiti cha ukingoni. Filamu nyingine zote alizitazama mpaka majina ya mwisho. Lakini za vijana hao, taa zikiwaka tu, alikunywa kahawa yake amesimama, akaweka kijiko ndani ya kikombe kama walivyofanya kwao kuonyesha kwamba imetosha, akamwambia mwanawe anakwenda kumlisha paka. Paka huyo alikufa mwaka elfu mbili na sita. Mwaka elfu mbili na kumi mama alikuwa bado anakwenda kumlisha.

Wiebe hakumsahihisha. Alirudi kwenye chumba chake cha mtambo, akaizima taa, akawatazama vijana wa Norwe wakibusiana mbele ya viti vilivyobaki, na mwanga ukapita juu ya vichwa ukibeba vumbi polepole. Hapo ndipo barafu ilipomjia akilini. Kila mara ilikuwa ni barafu, hata filamu ikiwa ya Ureno na watu wote wamevaa kaptura.

Ilikuwa Februari ya mwaka sabini na tisa, mfereji wa kwenda Workum umeganda ukingo hadi ukingo. Wiebe alikuwa na miaka kumi na tisa, na Douwe Rinsma, mwana wa fundi saa, alimzidi mwaka mmoja. Waliteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma wakiwa wameshika fimbo moja ndefu kama ilivyo desturi, Douwe mbele akikata upepo, Wiebe nyuma. Theluji iliruka pembeni kama unga. Karibu na daraja fimbo iliwaponyoka, ikateleza mbali juu ya barafu. Hawakuifuata. Douwe alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, Wiebe akaushika, glavu juu ya glavu, wakapita chini ya daraja hivyo, gizani kidogo na kisha kwenye mwanga. Ng'ambo ya daraja mama yake Wiebe alikuwa ameweka meza, akiuza supu ya njegere.

Basi, ni hayo tu. Mwaka uliofuata Douwe alihamia mji wa Groningen. Wiebe hakuoa, na kwa miaka thelathini na miwili hakuna aliyemuuliza kwa nini, naye hakumwambia mtu.

Februari ya mwaka elfu mbili na kumi na moja ikaja filamu kutoka Hungaria. Vijana wawili wanaajiriwa kukarabati banda la vioo la kuoteshea pilipili, na humo ndani mvuke unapanda, vioo vinalia kwa jua, kila kitu kinaonekana kama kimelala chini ya maji. Kamati ilikuwa imeshakubaliana kwamba mwezi wa Aprili mtambo ungeondolewa na mahali pake pawekwe kisanduku kisichotumia mkanda. Wiebe alijua kwamba hii ndiyo ya mwisho ya aina yake atakayoibandika kwa mkono.

Busu lilikuwa dakika ya sitini na moja. Dakika ya hamsini na saba palikuwa na maungio ya mkanda, pazuri kabisa, kijana mmoja akishusha ngazi. Akabandika. Akakaa akikitazama kile kibandiko kinavyong'aa chini ya taa. Akaona kwamba miaka yote hii mama yake hakuwa akiondoka mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kitasa, akifungua mlango kabla mama hajaona lolote, kisha anahesabu kwamba ameondoka. Hakuwahi kumpa nafasi ya kubaki.

Alikibandua kwa ukucha. Akausogeza mkanda mpaka dakika ya sitini na sita, baada ya busu, baada ya kimya kirefu kinachofuata, pale kijana mmoja anapomtoa mwenzake kibanzi cha kioo kwenye kiganja. Akabandika hapo. Sasa kama mama hataki, itabidi ainuke filamu ikiendelea, apite mbele ya watu wote, na hilo litakuwa jibu, na Wiebe ataliona kwa macho yake.

Kesho yake Bibi Hiltje aliuliza kahawa iwe tayari saa ngapi. Alipoambiwa dakika ya sitini na sita alitua birika.

"Watabanwa na mkojo."

"Watavumilia."

"Na mama yako je?"

"Na yeye."

Bibi Hiltje alimtazama, akaliinua tena birika.

Kupitia dirisha dogo la chumba cha mtambo Wiebe aliona nywele nyeupe za mama yake na skafu yake ya kijani kibichi. Dakika ya hamsini na saba ikapita, ngazi ikashushwa, taa hazikuwaka. Mtu mmoja alitazama saa yake. Mvuke ukapanda bandani, vijana wakasogea, na walipobusiana mtu alikohoa nyuma, kiti kikalia, watu wawili wakanong'ona. Mama yake aliinama chini. Wiebe alijua ni mkoba anaoufuata. Mkono wake ukaenda kwenye swichi wenyewe, ukabaki pale.

Mama aliinua kichwa, mkononi pakiti ya peremende. Akachukua moja, akaipitisha pakiti kwa jirani yake, jirani akampa anayefuata, mpaka ikafika mwisho wa mstari na kurudi, kama wanavyofanya kanisani mahubiri yanapoanza kuwa marefu na watu wameamua kutulia.

Kibandiko kikapita. Taa zikawaka.

Wiebe alipofika chini, watu kumi na mmoja walikuwa wanavaa makoti. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, kikombe magotini.

"Leo umechelewesha," alisema.

"Nimechelewesha, mama."

"Miaka yote nilidhani unanifukuza."

"Mimi?"

"Wakikaribia tu kugusana unawasha taa. Nikasema, basi, hataki mama yake awepo. Nikaenda zangu."

Wiebe alikaa kando yake. Alisema polepole kwamba yeye alidhani mama ndiye hataki kuona.

"Niliona zamani, mwanangu. Nilikuwa pale darajani na sufuria yangu, macho yote mawili. Mlivyotokea kwenye ule mwanga." Alitafuna peremende yake kidogo. "Niliwajazia vikombe mpaka juu. Hukuona hilo?"

Hakuwa ameliona. Alijaribu kuikumbuka ile supu na akapata mvuke tu, na uso wa Douwe nyuma yake.

"Bado yuko Groningen?" mama aliuliza.

"Sijui."

"Hujui, au hujauliza?"

Bibi Hiltje alikuja na birika, akasimama mbele yao. Mama alitoa kijiko kwenye kikombe, akakiweka kwenye kisahani, akanyoosha kikombe kijazwe tena.

"Na paka?" Wiebe aliuliza.

"Atasubiri," alisema mama. "Nenda ukawashe, nataka kujua kama banda linamalizika."