Dhahabu ya Roho ya Mama

Kwetu Uvira roho ni neno la kazi mbili: ni moyo unaopiga kifuani, tena ni pale mtu anapoweka machungu yake. Kwa sababu ya neno hilo, nusura nimzike mama yangu.

Siku hiyo alitoka Makobola na mfuko wa mihogo, akaubeba kichwani kutoka barabarani mpaka kwangu Songo, kwa umri ule. Miye mdomo wangu hauna breki. Nilimgombeza mbele ya majirani, nikamuuliza kama anatafuta kufa ili watu waseme namlaza njaa. Aliketi, jasho likimtiririka, akasema roho inamuuma.

Ole wangu, nikajua ni mdomo wangu. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kirefu, hata kwa makosa ya zamani ambayo yeye alishayasahau. Akanitazama kwa uchovu.

"Nilishakusamehe, mwanangu. Bado iko inauma."

Hapo ndipo nilipoona jinsi mkono wake ulivyoshikilia kifua. Niliita moto, pikipiki ya abiria, nikamweka katikati yangu na dereva, tukakimbilia hospitali.

Dokta alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo kidogo, ndugu wa kile cha malaria. Tukangoja. Mstari mwekundu ukatokea, kisha wa pili. Akasema moyo umeumia, akamwanzishia papo hapo dawa za kuzuia damu isigande.

Mama alipopata nafuu, nilimuuliza dokta ule mstari ulijuaje. Akanieleza kwamba ile rangi ni chembe za dhahabu, ndogo hata darubini ya maabara yao haizioni, na kwa udogo huo dhahabu huonekana nyekundu, nazo zinanasa kitu ambacho moyo ulioumia humwaga katika damu. Ufundi huo wanauita nanoteknolojia. Nikampelekea mama habari kitandani, akacheka mpaka nikaogopa. Marehemu baba alichimba dhahabu huko Fizi miaka na miaka, hakutuletea hata ya pete.

"Kumbe ilikuwa njiani," mama akasema.

Namshukuru Mungu, namshukuru dokta, nawashukuru na watu nisiowajua waliowaza kuifanya dhahabu iwe ndogo vile.

Juzi nilimficha chumvi, kama dokta alivyoagiza. Mama akasema tena roho inamuuma. Nikaruka nikatafute moto, akanikamata kikwembe nilichojifunga kiunoni.

"Keti. Leo ni weye."

Nikaketi, nikagombezwa, na kila neno likaniingia tamu.